Neno "yet" na katoni 60 za chupa za chai: uchambuzi wa kisa cha Yiwu

Ujumbe uliingia Nairobi Jumatatu, saa kumi alfajiri. Mwenye simu alikuwa amelala. Alipoamka na kuwasha taa akaukuta unamsubiri: "Dear, I still haven't received your deposit."

Yiwu, mji wa biashara nchini China, wakati huo ilikuwa saa tatu asubuhi. Binti aliyeuandika, karani wa mauzo wa kiwanda kimoja cha chupa za chai, alikuwa ndiyo kwanza amefika kazini. Alifungua akaunti ya benki, akaona malipo ya awali hayajaingia, akaandika alichokiona. Kichwani mwake sentensi ilikuwa ya Kichina na ilikuwa nyepesi kama unyoya: wǒ hái méi shōudào dìngjīn. Sijapokea malipo ya awali. Basi. Hakuna aliyenuna humo, hakuna aliyedaiwa.

Mteja wake ni mama mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani pale Kamukunji, Nairobi. Pesa alikuwa ameituma Ijumaa saa tisa alasiri, na saa hizo Yiwu ni saa mbili usiku, benki zimeshafungwa. Ikaja Jumamosi, ikaja Jumapili. Kwa hiyo Jumatatu alfajiri pesa ilikuwa njiani, mahali inapopaswa kuwa pesa ya benki ya mwisho wa wiki. Mama alinipigia mimi kabla hata ya kunywa chai. Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu Yiwu ni kuwatembeza wateja sokoni na kuwasomea mikataba; huyu mama ni mteja wangu wa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "huyo msichana ananichukulia mimi mkimbia madeni? Pesa nimetuma Ijumaa, leo jogoo hajawika ananiambia 'still'?"

Angalieni kilichomuuma. Neno moja. Mama amesoma hadi kidato cha nne, Kiingereza anakitumia kila siku na madalali, mabenki na watu wa bandari, na sikio lake limezoea. "I haven't received it yet" angeijibu kwa picha ya risiti na salamu. "I still haven't received it" ilimfanya ajihisi anasimamishwa mbele ya duka lake.

Nimekiandika kisa hiki kwa sababu watu wengi wanaofanya kazi na Wachina hudhani matatizo ya namna hii ni ya ukali wa tabia. "Wachina hawana adabu kwenye meseji," husema. Kwa niliyoyaona mimi, mara nyingi ni kielezi kimoja kimekaa mahali pasipo pake. Binti huyu namfahamu, ni mpole kupita kiasi. Ananiita gē, yaani kaka, na hajawahi kuniacha nitoke dukani kwake bila kikombe cha chai.

Tuanze na sentensi yenyewe. Kiingereza kina njia mbili za kawaida za kusema kwamba jambo halijatokea. Ukisema "haven't received it yet" umesimama mlangoni unamngoja mgeni uliyeambiwa atakuja, na muda wake haujapita. Ukisema "still haven't received it" umeshatazama saa. Mgeni alipaswa kuwa amefika, umengoja ukachoka, na sasa unataka mtu ajue kwamba umengoja. Jambo lenyewe ni lilelile, pesa haipo kwenye akaunti. Kinachobadilika ni nani ana haki ya kulalamika.

Kichina kina neno hái, na hái hubeba mizigo yote miwili. Hubeba na mingine: hái kěyǐ ni "si mbaya", na tā bǐ wǒ hái gāo ni "yeye ni mrefu hata kunipita mimi", lakini hiyo tuiache. Ukiweka hái mbele ya kikanushi méi unapata "hái méi", haijatokea, na msikilizaji ndiye atakayepima kama kuna lawama ndani yake. Kichina si kwamba hakiwezi kulaumu. Ukiongeza silabi moja tu, ukasema háishi méi shōudào, lawama imeingia, kana kwamba umesema nimengoja, nimetazama tena, na bado hakuna. Ukitanguliza dào xiànzài, yaani "mpaka sasa", imeingia zaidi. Karani hakusema háishi. Alisema hái tu, kisha akaingia kwenye kamusi ya kichwani mwake akachukua Kiingereza cha mwenye hasira.

Sisi Waswahili tusijione wajanja hapa, maana "bado" yetu ni ndugu wa hái kwa baba na mama. "Bado yupo" na "bado hajafika" ni neno moja, na ukiulizwa kama chakula kiko tayari unaweza kujibu "bado" peke yake ukaeleweka, kama Mchina anavyojibu hái méi ne. Lakini tuna kitu kimoja ambacho nilipokuwa shuleni Tanga sikuwahi kukishukuru: ile -ja-. "Sikupokea" ni habari iliyokwisha. "Sijapokea" imeacha mlango wazi, pesa inaweza kuingia saa yoyote. Ile "yet" ya Kiingereza sisi tunaimeza ndani ya kitenzi, ndiyo maana "sijapokea" peke yake inatosha. Na lawama tunaiweka kwingine kabisa: "mpaka leo sijapokea", "hadi saa hizi". Hakuna mwenye adabu anayemwambia mteja "mpaka leo" siku ya kwanza ya kazi. Mama wa Kamukunji aliisikia "still" kama "mpaka leo", na aliisikia sawasawa.

Kwa nini basi karani alichagua "still"? Nilimuuliza baadaye, na jibu lake ndilo lililonifungua macho. Shuleni China, "yet" hufundishwa pamoja na "already", zote mbili zikiwekwa chini ya neno moja la Kichina, yǐjīng, "tayari" au "kwisha". Kanuni inayokaririwa ni kwamba "already" ni ya sentensi ya kukubali, "yet" ni ya kukanusha na kuuliza. Kwa ajili ya mtihani inatosha. Kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu Kiingereza kina alama 150, na mwenye kuijua kanuni hiyo hajazi pengo vibaya. Ila mwanafunzi anatoka hapo akiamini "yet" ni joho ambalo "already" hulivaa ikikutana na kikanushi. Hái imekaa darasa jingine, imeandikwa "still". Siku moja mtu mzima anataka kusema hái méi, anaona hái, anachukua "still". Anaona méi, anachukua "haven't". Kila hatua ni sahihi kwa kamusi, na mwisho wake mteja amekasirika. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "still" na "yet" hushindana kwenye kiti kimoja.

Sasa sehemu inayonihusu mimi, na siifurahii. Baada ya kumtuliza mama nilimpigia karani nikiwa kwenye basi, nina haraka, na nikamwambia: "Mdogo wangu, usitumie 'still', tumia 'yet'." Nikakata simu nikijiona nimefundisha.

Alinitii. Siku mbili baadaye pesa ilikuwa imeingia na mama akauliza kama rangi zote tatu zipo. Oda ilikuwa katoni 180: 60 za buluu, 60 nyekundu, 60 za rangi ya fedha. Karani alitaka kusema lánsè de hái yǒu, za buluu bado zipo, kwa sababu kuna mteja mwingine alikuwa akiziwinda na yeye alitaka kumtoa mama wasiwasi. Angeandika "still" kama silika yake ilivyotaka, angekuwa sahihi asilimia mia. Akakumbuka amri ya kaka. Akaandika: "The blue one is yet available."

Mama akasoma, akaielewa kama mtu yeyote wa leo angeielewa: za buluu hazijapatikana. Na kwa kuwa Nairobi wakati ule watu walikuwa wanaulizia rangi ya maruni, hakuuliza mara ya pili. Akajibu kwa ufupi kwamba basi zile 60 ziwe maruni. Karani akashangaa kidogo, akasema moyoni mteja ni mfalme, akapeleka maagizo kiwandani Yongkang. Nilikuja kuyajua haya wakati rangi imeshapulizwa kwenye zaidi ya nusu ya chupa.

Ajabu ni kwamba sentensi yake si kosa kwa kila Kiingereza. Kiingereza cha zamani kilitumia "yet" kwa kukubali, kwa maana ya kuendelea. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, baba wa mwana mpotevu anamwona mwanawe "when he was yet a great way off". Biblia yetu ya Union inasema "alipokuwa angali mbali". Angali! Hilo nalo ni neno ambalo tunaliacha lichakae. Lakini karani hauzi chupa za chai kwa wasomaji wa mwaka 1611. Leo "yet" bila kikanushi, bila swali, bila kitu cha kuishikilia, humfanya msomaji atafute kikanushi kilichopotea, na akikikosa hukiweka mwenyewe. Mama aliona "yet available" akaiongezea "to be" katikati. Na akishaiongezea, maana imepinduka.

Fundo la tatu lilifungwa na mama mwenyewe, naye hakukosea chochote. Kwenye ujumbe mrefu aliandika: "We have yet to agree on the freight." Hatujaafikiana juu ya nauli ya meli. Ni Kiingereza safi, rasmi kidogo, cha mtu anayejua kuandika barua. Karani alitafuta "not", hakuiona. Akafungua kamusi ya simu: "yet" ni hái, ni yǐjīng, ni rán'ér. Ya kwanza ilikuwa imeshamtia matatani mara mbili. Ya tatu ni "lakini". Akachukua ya katikati, tayari: tumeshaafikiana juu ya nauli. Ankara ikatoka na nauli ya kutoka bandari ya Ningbo hadi Mombasa ndani yake, kwa bei aliyokuwa ameitaja wiki iliyopita na ambayo mama hakuwahi kuikubali.

Unaona jinsi neno dogo linavyojizungusha. Mara ya kwanza ilikosekana pale ilipohitajika, mara ya pili ikawekwa pasipo pake, mara ya tatu ikasomwa kinyume. Katika mara hizo tatu mbili zina mkono wangu, kwa sababu baada ya lile somo langu la kwenye basi binti hakuwa na imani tena na silika yake, na silika yake ilikuwa sahihi nusu ya wakati.

Jumapili ile nilikwenda dukani kwake, kwenye soko la Futian. Wasiolijua: ni soko lenye vibanda zaidi ya 70,000, unaweza kutembea siku nzima ukaishia kwenye miavuli. Tulikaa kwenye viti vya plastiki katikati ya chupa za maonyesho. Nikamwomba asahau kamusi, tuchukue kitu kimoja tu, kontena lake linalokwenda Mombasa, na kila nitakachosema kwa Kiingereza aniambie ni nani anayesema na uso wake ukoje.

"The container hasn't arrived yet." Akafikiri. Ni mimi, akasema, namjibu mteja. Uso wa kawaida.

"The container still hasn't arrived." Akacheka kabla sijamaliza. Ni mteja, ananipigia wiki mbili baada ya tarehe, uso hivi. Akakunja uso kama mama wa Kamukunji, ambaye hajawahi kumwona.

"The container is still in Ningbo." Akasita. Anaweza kuwa yeyote, akasema mwisho. Nikamwambia vizuri sana, kwa sababu pasipo kikanushi "still" ni hái tu, hái zài Níngbō, na lawama hailetwi na neno, italetwa na sauti kama ipo. Hiyo ndiyo nafasi ambayo "yet" haiwezi kukaa, na ndipo nilipomharibia.

Kisha nikampa kitu ambacho nadhani kilimsaidia kuliko vingine. Mchina akisema haijatokea, kwa mazungumzo ya kawaida, mara nyingi humalizia na ne: hái méi dào ne. Sentensi inafunguliwa na hái méi, inafungwa na ne. Kiingereza nacho hufungua kwa "hasn't" na kufunga kwa "yet". Nikamwambia, pale unaposikia ne mdomoni mwako baada ya hái méi, weka "yet" mwishoni. Usipoisikia ne, ukajikuta unasema háishi méi, hapo simama kwanza ujiulize kama kweli unataka kumgombeza mteja. Kanuni hii ina matundu. Ne hutokea pia kwenye hái zài shuì ne, angali amelala, na hapo Kiingereza ni "still". Ndiyo maana nilisisitiza ile méi. Lakini kanuni yenye matundu inayotoka kwenye sikio la mtu mwenyewe hudumu kuliko kanuni nzima iliyotoka ubaoni.

Kwa ile "have yet to" nilimpa neno moja la barua za benki: shàngwèi. Ni Kichina rasmi cha "haija-", na kikanushi kimejificha ndani yake, wèi. Macho yake yaling'aa. Kumbe hilo analiona kila siku kwenye nyaraka. "Have yet to agree", shàngwèi, hatujaafikiana. Akaiandika nyuma ya kadi yake ya biashara.

Matumizi mengine ya "yet" tuliyapitia mbiombio. Ile inayosimama kama "lakini" haimsumbui sana, isipokuwa Kichina huoanisha suīrán na dànshì, naye huandika "although" na "but" pamoja, jambo ambalo Kiingereza hakipendi. Nilimwambia asijali, hata sisi tunasema "ingawa ni ghali, lakini ni imara" na hakuna anayekufa.

Halafu yeye ndiye akanifundisha. Herufi ya hái, 还, ina usomaji wa pili: huán, kurudisha, kulipa deni. Herufi ni hiyohiyo moja. Kwa hiyo "hajalipa deni" ni hái méi huán, na kwenye karatasi herufi ya kwanza na ya tatu ni pacha. Kuna mfano ambao Wachina wengi wanaujua, wa hati ya mkopo iliyoandikwa kwamba fulani 还 deni la yuan 4,000. Ukisoma hái, bado anadaiwa 4,000. Ukisoma huán, amelipa 4,000. Nikamwuliza kama kesi hiyo nayo ilianza kwa meseji ya Jumatatu asubuhi.

Mama alilipwa fidia ya nauli kwa kupunguziwa bei, na zile chupa za maruni alizichukua. Aliniambia zimetoka haraka kuliko nyekundu. Wiki ya kumalizia salio ilipofika, karani alinionyesha ujumbe kabla ya kuutuma: "The balance hasn't reached us yet, maybe because of the weekend." Sikubadilisha hata nukta. Mama akajibu kwa picha ya risiti.

Juzi simu imelia saa tano usiku. Oda mpya, mama anasubiri kibali fulani, na amemwandikia binti: "Please don't ship just yet." Lori lilikuwa limeshapakiwa, dereva anavuta sigara anasubiri kuondoka kwenda Ningbo.

"Gē," akasema, sauti ya mtu anayetaka kulia, "'just' ni gāngcái, hivi punde. 'Yet' na 'don't' ni hái méi. Anasema tusisafirishe sasa hivi, au anauliza mbona hatujasafirisha?"

Nilitafuta Kichina cha kumpa, nikaanza kwa Kiswahili kichwani kama kawaida yangu: msisafirishe kwanza. Kwanza! Na Kichina chake nacho ni hichohicho, xiān, neno lilelile la "kwanza".

"Xiān bié fā," nikamwambia.

Akacheka, akaniacha hewani, na nikamsikia anakimbia anamwita dereva.